Nilifuta Jina la Korali

Mimi ni mmoja wa watu waliouza nyimbo zisizo zao katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, nami niliuza nikijua. Hakuna aliyenilazimisha kuandika maungamo haya. Polisi hawakunikamata, wala hakuna afisa aliyekuja kufunga kibanda changu. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Zangu zilifika arobaini, zikapita, zikawa miaka, na kwa kuwa hakuna kilichonipata nikajihesabu mfanyabiashara halali, sawa na muuza nyanya na muuza mkaa waliokuwa jirani zangu sokoni.

Kibandani nilikuwa na kompyuta ya mitumba, spika mbili, betri ya sola na mabango ya wanamuziki ukutani. Mteja alileta flashi au kadi ya simu, akataja anachotaka, nikamjazia. Nilikuwa na rumba ya Kinshasa ya zamani na ya sasa, Bongo Fleva, nyimbo za injili za Kirundi na Kinyarwanda, filamu za Bongo, na filamu za Kihindi na Kichina zilizosimuliwa kwa Kiswahili. Wamalawi wa vijiji vya jirani, huku Dowa, nao walikuja kutafuta nyimbo zao za Kichewa, nazo nilikuwa nazo. Aliyetaka wimbo mmoja mmoja alilipa kwa wimbo. Aliyetaka kadi ijae alilipa bei moja, na hakuuliza ndani mna kazi ya nani.

Diski za Tanzania zilinifikia kutoka Kariakoo kwa mikono ya wasafiri, kupitia mpaka wa Kasumulu na Karonga, hadi Lilongwe. Mwaka 2013 Tanzania ilianza kubandika stempu za kodi kwenye diski za muziki na filamu ili halali ijulikane na bandia ijulikane. Stempu hizo nilizijua vizuri. Nilinunua diski moja yenye stempu yake, nikaiingiza kwenye kompyuta, na tangu dakika hiyo nikawa na nakala kadiri nilivyotaka. Stempu ilibaki imebandikwa kwenye jalada, juu ya rafu yangu, na wimbo ulikwisha kwenda.

Sisi wachomaji wa diski tulikuwa na jibu moja kwa kila aliyetuuliza: tunawatangaza. Bila sisi, nani Dzaleka angemjua msanii mpya wa Dar es Salaam au wa Goma? Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana nililishikilia muda mrefu. Duka la muziki hatukuwa nalo, na intaneti ilikuwa ghali. Wengi wa wasanii hao wasingesikika kambini kama si vibanda vyetu. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyeniomba nimtangaze, na fedha ya matangazo hayo iliingia mfukoni mwangu mimi peke yangu. Nilijituliza kwa kusema kwamba wako mbali, kwamba ni matajiri, kwamba hawawezi kupungukiwa na kwacha chache za wakimbizi. Mtu akizoea kumwibia asiyemwona, mkono wake hautakataa siku ya kumwibia jirani. Kwangu siku hiyo ilikuja pamoja na korali.

Ilikuwa korali ya akina mama wa kanisa moja la hapa kambini. Wengi wao walitoka Fizi na Uvira, Kivu Kusini, na wachache walikuwa Warundi. Waliimba kwa Kiswahili, na wimbo mmoja kwa Kibembe uliokuwa ukiwatoa watu machozi. Walichanga fedha kidogo kidogo, kutoka katika sabuni walizotengeneza, mboga walizouza, na hata fedha ya chakula ambayo tayari ilikuwa haitoshi. Wakaenda kurekodi Lilongwe. Asiyeishi Dzaleka anaweza kudhani safari hiyo ni jambo dogo, maana kutoka hapa hadi mjini hazifiki kilomita hamsini. Lakini mkimbizi Malawi anatakiwa kukaa kambini, na kutoka kwake kunahitaji ruhusa. Kuwapatia ruhusa akina mama wote kwa siku moja, na nauli yao, na mtu wa kubaki na watoto, ilikuwa kazi kubwa kuliko kurekodi kwenyewe.

Waliporudi walikuwa na nyimbo nane ndani ya flashi moja. Kiongozi wao akaniletea. Akanipa kwa mikono miwili na kusema, "Papa, nyimbo zetu zote ni hizi. Hatuna nyingine." Walitaka niwachomee diski na kuwachapia majalada. Fedha ya kuuza diski ingenunua sare, na itakayobaki ingeingia kwenye mfuko wa kusaidiana, wa wanaojifungua na wanaofiwa. Walinilipa bei tuliyopatana, na diski nikawachomea vizuri. Kazi hiyo niliifanya kwa uaminifu.

Kosa lilianza baadaye. Ili kuchoma diski lazima nyimbo ziingie kwenye kompyuta, na baada ya kazi sikuzifuta. Hawakuniambia nizifute, kwa kuwa hawakujua kwamba zimebaki. Siku moja akaja kijana na kadi yake, akataka "ule wimbo wa akina mama." Ningeweza kumwambia diski zinauzwa kanisani. Nilimjazia. Fedha yenyewe ilikuwa ndogo mno, hata leo naona haya kuitaja. Kesho yake wakaja wenzake. Baada ya muda mfupi nyimbo hizo zikawa ndizo zinazotakiwa kuliko zote kibandani, kuliko Bongo Fleva, kwa sababu zilikuwa zinataja mambo yetu: njia ya Ziwa Tanganyika, usiku wa kuvuka, majina ya milima tuliyoiacha.

Kisha akaja mfanyabiashara kijana kutoka Lilongwe, Mkongomani mwenzetu aliyekuwa akiuza kadi na flashi zilizojazwa, mjini, upande wa soko la Tsoka. Alikuwa akija kwangu kuchukua mzigo. Akataka injili mpya za Kiswahili. Nikaifungua folda ya korali nimpe, na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo ndilo hasa naliungama leo. Kila wimbo ulikuwa na jina la korali, na mwishoni mwa jina namba ya simu ya kiongozi, ili atakayependa apige. Nikaogopa kwamba mtu wa Lilongwe atapiga, na mama atauliza ulizipata wapi. Nikafuta namba. Halafu nikafuta jina la korali, wimbo mmoja baada ya mwingine, zote nane. Folda nikaiita "Injili Mpya Mchanganyiko" na kumpa.

Neno "tunawatangaza" lilikufa mkononi mwangu saa ile, na nilijua limekufa. Hakuna amtangazaye mtu kwa kumfutia jina.

Kila mwaka Dzaleka hufanya Tamasha la Tumaini. Lilianzishwa mwaka 2014 na Menes la Plume, mshairi Mkongomani aliyeishi hapa kama mkimbizi, na limeleta kambini wageni kutoka Lilongwe, kutoka miji mingine ya Malawi na kutoka ng'ambo, waje kusikiliza muziki, kuona ngoma na kula chakula chetu. Mahali hapa, kabla ya kuwa kambi mwaka 1994, palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa wakati wa utawala wa Kamuzu Banda. Leo tumezidi watu 50,000 katika eneo lililopangiwa watu wachache mno kuliko hao. Hata hivyo wageni wa tamasha huja kwa sababu moja: wamesikia kwamba hapa kuna sanaa. Kwa wachuuzi kama mimi zilikuwa siku za mavuno. Mwaka mmoja mwanamke Mmalawi alisimama kibandani akasikia spika zangu zikipiga wimbo wa Kibembe. Akaniuliza kwa Kiingereza waimbaji ni nani, anataka kuwajua. Nikamwambia sijui, ni nyimbo za zamani kutoka Kongo. Kiongozi wa korali wakati huo alikuwa akiuza maandazi kwenye tamasha hilohilo. Ningeweza kumwonyesha kwa kidole.

Diski za korali hazikununuliwa. Walipozipeleka kwa watu waliambiwa, "Mama, tunazo tayari kwenye simu." Hawakuelewa zimefikaje huko, walidhani watu wamerekodi kanisani. Jumapili moja nilimsikia mmoja wao akisema katika ushuhuda kwamba huenda nyimbo zao hazikuwa nzuri kama walivyodhani, na kwamba wanamwomba Mungu awafundishe kunyenyekea. Nilikuwa nimeketi mstari wa nyuma. Nikasema amina pamoja na wengine. Waimbaji wawili walioacha korali baada ya hapo waliacha kwa sababu ya deni la safari ya studio, ambalo hakuna aliyejua litalipwaje.

Mwezi Mei 2023 serikali ya Malawi ilianza kuwarudisha kambini wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini. Lilongwe watu walikamatwa, maduka yakafungwa, na wengi wakafika Dzaleka bila bidhaa zao. Miongoni mwao alikuwa yule kijana wa Tsoka. Alikaa kibandani kwangu siku nzima akieleza jinsi kila alichokuwa nacho kilivyoishia mikononi mwa watu. Alisema, na kila aliyepita alimpa pole, "Jasho langu lote limekwenda, na hakuna wa kumuuliza." Kiongozi wa korali naye alikuwapo, alikuja kuchaji simu. Akamsikiliza kwa huruma. Kisha akasema, "Pole, mwanangu. Wewe angalau unajua kilichokupata. Sisi nyimbo zetu zilituponyoka, na hadi leo hatujui tulikosea wapi."

Tulikuwa watatu pale, na wawili tulijua. Kijana akainamisha macho. Mimi nikajifanya natafuta waya wa chaji.

Siku chache baadaye nilikwenda kwa jirani yangu mmoja aliyesoma sheria Bukavu kabla ya vita kumfukuza. Sikwenda kutubu. Nilikwenda nikitumaini ataniambia kwamba sina hatia, kwa sababu korali haikuwa na karatasi yoyote. Sisi wakimbizi tumefundishwa kuiogopa karatasi kuliko kitu kingine: bila karatasi huna mgao, huna ruhusa ya kutoka, huna hata uthibitisho kwamba wewe ni wewe. Nikamwuliza: mtu ambaye hakusajili nyimbo zake popote, ana haki gani?

Alinijibu kwa utaratibu wa mwalimu. Malawi imo katika Mkataba wa Berne wa hakimiliki tangu mwaka 1991, na Kongo yetu iliingia mapema zaidi, mwaka 1963. Kwa mkataba huo haki ya mtunzi haingoji karatasi. Huanza pale kazi inapotungwa. Humlinda pia mtunzi ambaye si raia, maadamu makazi yake yako katika nchi mwanachama. Malawi ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2016, iliyochukua nafasi ya ile ya 1989, na ina chama chake cha hakimiliki, COSOMA, chenye ofisi Lilongwe, kinachosimamia haki za watunzi na kuwakusanyia mirabaha. Na haki ya mtunzi haihusu fedha peke yake. Kutajwa jina lake kwenye kazi yake nako ni haki. "Kwa hiyo," akasema, "ulipouza ulikosa mara moja. Ulipofuta jina ulikosa mara ya pili."

Kisha akanionyesha jambo ambalo sikuwahi kulisikia katika miaka yote ya kuishi kambini. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwezi Desemba 1987, lakini iliingia na masharti yake. Kuhusu kufanya kazi ya mshahara iliweka sharti. Kuhusu kumiliki mali, sharti. Kuhusu kukaa na kutembea unakotaka, sharti. Ndiyo maana tuko Dzaleka na si mahali pengine. Masharti hayo ameyahisi mwilini kila mmoja wetu, hata asiyejua kusoma. Lakini kuna kifungu cha 14, kinachosema kwamba mkimbizi, katika nchi anamokaa, apewe ulinzi uleule anaopewa raia kwa kazi zake za fasihi, za sanaa na za sayansi. Katika kifungu hicho Malawi haikuweka sharti lolote.

Nilikisoma zaidi ya mara moja kwenye simu yake. Shamba si letu. Nyumba tunayolala imesimama juu ya ardhi isiyo yetu. Kazi tunaifanya kwa kujificha. Kumbe wimbo ni mali ambayo mama wa Fizi anaimiliki hapa kwa haki ileile ya mwanamuziki Mmalawi wa Lilongwe. Serikali haikumnyang'anya. Aliyemnyang'anya ni mimi, mkimbizi mwenzake, ninayesali naye.

Jirani huyo alinisimulia pia habari za Solomon Linda, Mzulu aliyerekodi wimbo "Mbube" Johannesburg mwaka 1939. Wimbo ulizunguka dunia kwa lugha nyingine na kwa majina ya watu wengine, hata ukaingia katika filamu ya "The Lion King" ya mwaka 1994. Linda alikuwa amekufa maskini mwaka 1962, na watoto wake walipata makubaliano ya kulipwa mwaka 2006 tu, baada ya kwenda mahakamani. Filamu hiyo niliwajazia watoto wengi wa Dzaleka. Sikuwahi kujua kwamba ndani yake mna sauti ya mtu aliyefutwa jina.

Nilikwenda kwa korali siku ya mazoezi, Jumamosi alasiri. Nilieleza yote nikiwa nimesimama. Nilitarajia waniulize nilipata fedha kiasi gani. Swali la kwanza lilikuwa, "Namba ya simu uliifuta kwa nini?" Nikawajibu kweli: niliogopa mngejua. Mama mmoja akaanza kulia. Alisema hakulia kwa ajili ya fedha. Alilia kwa sababu alikuwa amekwisha kuamini kwamba sauti yake ni mbaya.

Hatukuwa na daftari la mauzo, maana mwizi haandiki. Tulikadiria pamoja, wao wakataja kiasi, nami sikukipunguza. Nalipa kila mwezi na bado sijamaliza. Walinitaka pia nitangaze kanisani, na nikatangaza. Walisema wamenisamehe, na nawaamini, lakini kazi yao ya pili hawakuniletea kuichoma. Hapo walifanya sawa.

Wenzangu wa vibanda walinikasirikia. Walisema nimewaharibia riziki, na mmoja aliniuliza kama nadhani wanamuziki wa Dar es Salaam watanitumia shukrani. Hoja yao ya njaa siidharau, kwa kuwa mgao umepungua na watoto wanakula kila siku. Lakini njaa ya mchomaji haikuwa kubwa kuliko ya akina mama waliochanga fedha ya chakula ili waimbe. Sasa nachaji simu, nachapa barua na fomu, natoa nakala za vyeti. Nyimbo nauza za wasanii wa kambi walionipa ruhusa kwa maandishi, tunagawana nusu kwa nusu, na jina na namba ya simu vinabaki kwenye kila wimbo. Kipato changu kimeshuka sana. Bongo Fleva na filamu nimeacha kabisa, kwa sababu sijaona njia ya kuziuza hapa ambayo mwenye kazi atapata chake.

Kuna jambo moja siwezi kulirudisha. Kadi zile zilikwisha kutawanyika Lilongwe, na kila mwenye kadi amempa mwingine. Korali haina njia ya kuwafikia watu hao, nami sina. Ndiyo maana naandika. Kama kwenye simu yako kuna folda iitwayo "Injili Mpya Mchanganyiko", na ndani yake nyimbo nane za akina mama, mmoja kwa Kibembe, ujue hizo si za zamani wala si mchanganyiko. Waimbaji wake wapo Dzaleka na wanafanya mazoezi kila Jumamosi alasiri. Uliza kambini, utaonyeshwa kanisa lao. Nunua diski kwao, bado zipo nyingi. Na wewe mchomaji mwenzangu, wa Tsoka au wa Kariakoo, uliyefuta jina la mtu kama nilivyofuta mimi, fungua folda yako leo ulirudishe.